Bili ya Rehema

Jumamosi, saa nne usiku. Umeme umerudi sasa hivi, watoto wamelala, na mbele yangu kuna karatasi iliyochanwa kwenye daftari. Ilikuwa mezani juzi nilipotoka dukani, imewekewa kikombe juu isipeperuke:

Kiswahili A, 5,000. Sayansi A, 5,000. Uraia A, 5,000. Maarifa A, 5,000. Hisabati B, 2,000. Kiingereza B, 2,000. Jumla 24,000/=.

Chini ya jumla kapiga mistari miwili, kama ninavyopiga mimi kwenye daftari la wateja. Halafu kaandika: "Mwisho wa malipo Jumatatu."

Nilicheka peke yangu. Mtoto wa fundi cherehani huyu, nikasema, hakopeshi. Baadaye kicheko kikaniisha.

Ahadi ilikuwa ya baba yao. Shule zilipofungwa Juni, alitamka pale pale kwenye mkeka: kila A elfu tano, kila B elfu mbili. Mimi nilikuwa napiga pasi, na sikupinga. Tulikuwa tumechoka na ile kazi ya kila jioni, "kasome, hebu kasome, hujasoma bado?" Tuliona pesa itasema kwa niaba yetu. Na kwa Rehema, wa darasa la sita, imesema. Muhula uliopita alikuwa na A mbili, sasa anazo nne.

Sudi yuko darasa la nne. Ripoti yake sikuletewa mezani. Niliikuta ndani ya soksi nilipokuwa nafua. C mbili, zilizobaki D, wa 61 kati ya 94. Maoni ya mwalimu wa darasa: "Ongeza bidii."

Simlaumu mwalimu. Mwenye watoto 94 ataandika nini kingine? Ripoti zangu za zamani nazo ziliandikwa hivyo hivyo, nikaongeza bidii miaka saba bila kujua naiongeza wapi. Nikamwita mwanangu, nikamuuliza atafanyaje ili na yeye apate ile elfu tano.

"Nitajitahidi."

"Kujitahidi ndiyo kufanyaje?"

Akatazama mabati. "Kujitahidi tu, mama."

Jibu hilo limenikumbusha jambo nililowahi kusoma. Mchumi mmoja wa Marekani, Roland Fryer, aliwalipa wanafunzi wa miji kadhaa kati ya 2007 na 2009 ili aone kitatokea nini. Kule Chicago, A moja ilikuwa dola 50, B dola 35, C dola 20, ila nusu ya pesa iliwekwa mpaka mtoto amalize sekondari. Kwa maisha ya hapa Ngamiani, Tanga, hizo ni pesa za kodi ya chumba. Na bado, matokeo ya mitihani hayakusogea. New York nako waliwalipa watoto kwa alama za mitihani, hayakusogea. Walipoulizwa wangefanya nini ili wapate zaidi, watoto wakasema habari za kusoma swali vizuri na kurudia majibu kabla ya kukusanya. Kufungua kitabu, kumfuata mwalimu, kumaliza kazi za nyumbani, hakuna aliyetaja. Walizitaka hizo pesa kwelikweli, njia ya kuzifikia ndiyo hawakuijua. Sudi huyo.

Kule Dallas bei haikuwekwa kwenye alama. Mtoto wa darasa la pili alipata dola 2 kwa kila kitabu alichosoma na kujibu maswali yake kwenye kompyuta. Hao, angalau wale waliopimwa kwa Kiingereza, waliongezeka uelewa wa kusoma. Dola 2 zilifanya kazi iliyoshindwa na 50, kwa sababu mtoto aliambiwa kitu ambacho akiamka asubuhi anaweza kukifanya.

Mimi hili nilipaswa kulijua bila kufundishwa na profesa. Msimu wa sare ndio huu. Mwaka wa kwanza nilipoajiri vijana, niliwalipa kwa kipande, shati moja bei yake. Mashati yalitoka kama maandazi. Februari wazazi wakaanza kurudi: kifungo kimedondoka, kwapa limefumuka, pindo limeachia. Tangu hapo silipi mpaka niligeuze shati nitazame ndani.

A nitaigeuzaje? Nimemuuliza Rehema, mwenye A ya Maarifa ya Jamii, mto Pangani unamwaga maji yake wapi. Samaki wa Pangani tunakula, shangazi yake kaolewa huko. Akanitazama kama nimemwonea. "Hilo halikutoka, mama."

Halikutoka! Basi halipo.

Hata hivyo hilo halikuniuma kama la Ijumaa. Nilimwambia amsaidie mdogo wake hesabu za sehemu likizo hii, maana zamani alikuwa akimfundisha mwenyewe pale kizingitini, anamchapa kwa kandambili akikosea. Akaniuliza, bila ubaya wowote, sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya: "Nikimfundisha, nalipwa shilingi ngapi?"

Sikumgombeza. Angekuwa na haki ya kuniuliza kosa lake liko wapi.

Nisiseme kwamba pesa ni sumu. Hapo Busia, Kenya, mwaka 2001 na 2002, wasichana wa darasa la sita waliambiwa kwamba asilimia 15 watakaoongoza kwenye mtihani watapewa ufadhili wa miaka miwili. Kwa mwaka, shilingi 500 za Kenya zilikwenda shuleni kwa ada na 1,000 kwa familia kwa mahitaji ya shule. Michael Kremer, ambaye mwaka 2019 alipata Nobeli ya uchumi pamoja na wenzake wawili, alikuwa mmoja wa walioupima mpango huo. Alama za wasichana zilipanda, na hata wavulana, ambao hawakuwa na lolote la kushinda, waliinuka kidogo. Walimu nao wakawa wanaonekana zaidi darasani. Zawadi ya wachache ikaisogeza shule nzima. Kwangu elfu tano imemsogeza mmoja, mwingine kaificha ripoti kwenye soksi. Halafu ile ya Busia ilikuwa inamshika msichana asitoke shuleni. Hii yangu inakwenda kwenye ubuyu na koni, tusidanganyane.

Jana nilimweleza mama yangu kwa simu. Akanyamaza, kisha akasema, "Wewe mwanangu, baba yako alikulipa?"

Hakunilipa. Mwaka 2000 nilipofaulu darasa la saba, kabla ya shule za kata, kuchaguliwa kwenda sekondari ilikuwa habari ya mtaa mzima. Baba alikuja na saa ya mkononi, kamba ya bluu, imefungwa kwenye gazeti. Hakuwa ameniahidi kitu. Saa ile ingekuwa imetajwa tangu Januari, nadhani ningeipokea, nikaikagua kama ndiyo yenyewe, basi. Hata kwenye mahafali, watu wanapopanda kumtunza mtoto, noti inapachikwa kwenye shada na kigelegele juu, hakuna anayeuliza umepata A ngapi. Ile ni furaha ya watu. Sisi tulichofungua hapa nyumbani ni kibarua.

Nimemlipa Rehema. Ahadi ni deni, na zote 24,000 nimemhesabia mkononi, baba yao akiwepo. Nikawaambia bei ya A na B imefutwa. Baba yao hakufurahi sana, anaona nimeharibu kitu kilichokuwa kinafanya kazi, na kwa upande wa Rehema huenda anasema kweli. Kwa Sudi nimeweka shilingi 500 kwa kila kitabu cha hadithi atakachokisoma na kunisimulia nikiwa nashona. Swali lake la kwanza lilikuwa kama kitabu kimoja kinasomwa mara mbili.

Leo jioni alikaa juu ya roba la vitambaa na kitabu alichoazima kwa mtoto wa jirani. Dakika kumi hazikuisha.

"Nimemaliza. Fisi kafa."

"Kafaje?"

"Kafa tu."

Nikaondoa mguu kwenye pedali. "Haya, nani kamuua?"

"Ngoja." Akarudi nyuma kurasa nne, kidole kikifuata mstari, midomo inacheza.

Jikoni kulikuwa kimya muda mrefu kuliko kawaida. Kisha Rehema akachungulia, mwiko mkononi. "Mama, vitabu vitatu kwa wiki ni elfu moja na mia tano. Mpaka Juni huyu ana elfu thelathini na tisa. Mimi nataka tukae, tuzungumze upya."