Gunia langu lilikuwa na kilo 138

Kamwene, wanyalukolo, yaani ndugu zangu. Nimekaa kimya muda mrefu kwa sababu tulikuwa shambani, tukaingia kwenye vikao, kisha tukarudi shambani. Leo mvua imenifungia ndani na mbegu nimeshaitandaza darini ichipue, basi nisimulie habari ya mizani.

Sisi ni watu wa viazi. Kijiji chetu kiko juu, barabara ya kutoka Njombe kwenda Makete, ambako Juni na Julai unaamka asubuhi unakuta majani yameganda. Ada ya shule ni viazi, bati la nyumba ni viazi, hata mchango wa msiba ni viazi. Na kwa miaka yote niliyolima, nimeviuza kwa lumbesa kama mama yangu alivyoviuza.

Kwa msiokaa huku, lumbesa hufungwa hivi. Gunia likijaa mpaka mdomoni, mimi na wewe tungelishona. Vijana wa mnunuzi hawashoni. Mmoja analitikisa na kulipiga goti ubavuni ili vilivyomo vishuke. Mwingine anachukua kamba na wavu, anaendelea kupanga viazi juu ya mdomo, kimoja kimoja, vile vikubwa vikubwa, kama fundi anayepanga matofali. Anafuma kamba huku, anafuma kule, kichwa kinaota. Wakimaliza, gunia limevaa kofia na haliwezi kusimama bila kuegemezwa. Hilo linaandikwa daftarini: gunia moja.

Mwaka juzi nilivuna magunia 41 ya namna hiyo, kila moja shilingi 55,000. Kabla lori halijapakia, nikamwomba jirani anayenunua mahindi aniazime mizani yake, ile ya kuweka mzigo chini. Tulilisukuma gunia watu watatu. Mshale ukaenda mpaka 138. Nikadhani mizani imeharibika, tukapandisha jingine: 135. Jingine tena: 141. Nikarudi ndani nikachukua daftari la mwanangu la hesabu. Gunia halitakiwi kuzidi kilo 100, basi kilo 38 za ziada mara magunia 41 ni kilo 1,558. Tani moja na nusu na zaidi nilikuwa nimeichimbia, nimeipalilia, nimeipigia dawa ya ukungu, na haikuandikwa popote. Usiku ule sikulala.

Nilipomuuliza dalali, alinijibu kwa upole tu: "Dada, mimi nanunua gunia, sinunui kilo." Na kwa kweli sikumwona kama mtu mbaya. Nauli ya lori kwenda Dar inahesabiwa kwa gunia. Ushuru anaulipa kwa gunia. Anayepakia analipwa kwa gunia, anayepakua vilevile. Kwa hiyo kila kilo inayoongezwa juu ya mdomo inasafiri bure, na anayeilipia ni mmoja tu, mkulima. Tena kiazi hakingoji. Mahindi utayaweka ndani mpaka Januari bei ipande. Kiazi ukikichimba kikakaa juani kinageuka kijani na kuwa kichungu, kikinyeshewa kinaoza. Mnunuzi akisema anaondoka, wewe ndiye unayemkimbilia.

Sheria ipo, tena si ya jana. Chini ya Sheria ya Vipimo gunia la mazao halitakiwi kuzidi kilo 100, na Wakala wa Vipimo upo tangu mwaka 2002. Ila afisa hawezi kusimama kwenye kila shamba. Kilichonichoma ni kwamba parachichi letu, linalotoka kwenye milima hii hii, linanunuliwa kwa kilo kwa sababu linakwenda Ulaya. Wenzetu wakulima wadogo wa chai kule Rungwe wana alama ya Fairtrade, yaani biashara ya haki inayotaka mkulima alipwe vizuri. Kiazi kinacholiwa na Mtanzania mwenzetu ndicho kinachopimwa kwa macho.

Mwalimu mmoja wa hapa kijijini ndiye aliyenionyesha habari za Garstang, mji mdogo wa Lancashire, Uingereza, ambao mwaka 2000 ulijitangaza kuwa mji wa kwanza duniani wa biashara ya haki. Watu wa kawaida walizunguka madukani, makanisani na shuleni wakiomba wenzao wanunue kahawa, chai na chokoleti zilizomlipa mkulima vizuri. Nikajiambia, kama mnunuzi wa mbali namna ile anaweza kuuliza mkulima amelipwaje, kwa nini sisi tusiulizane hapa hapa, kati ya shamba na kikaango cha chipsi cha Njombe mjini?

Tulianza wanawake sita. Mwenyekiti wa kijiji akatupa nafasi kwenye mkutano mkuu. Nilisimama na daftari lile la hesabu, nikasoma. Watu wakanyamaza. Tukakubaliana kila kaya itoe 5,000, tukanunua mizani, tukaiweka kwenye kibaraza cha ofisi ya kijiji baada ya kuhakikiwa na kubandikwa stika. Watoto wa shule wakatunga ngonjera wakaisema kanisani Jumapili mbili mfululizo. Tukaandika ubao pale njia panda: HAPA TUNAUZA KWA KILO.

Wiki tatu za kwanza zilikuwa chungu. Fuso zilipita zikiusoma ubao, zikaenda kijiji cha mbele. Viazi vyangu vilikaa vimefunikwa majani ya mgomba na maturubai, kila asubuhi naenda kuvipekua, natoa vilivyoanza kijani. Siku moja alfajiri, nikienda kisimani, nikaona tochi nyumbani kwa baba mkubwa. Magunia kumi na mawili ya lumbesa yalikuwa yanapandishwa garini. Na yeye alikuwa wa kwanza kutoa mchango wa mizani. Nikamsalimia shikamoo, akaitikia, tukabaki tunatazamana. Kisha akasema, "Mwanangu, mjukuu amerudishwa nyumbani kwa kukosa ada. Kiazi hakijui kampeni." Nilikwenda kulilia kisimani.

Kwenye kikao baadhi walitaka apigwe faini. Nilikataa, na hata leo ningekataa. Mtu aliyebanwa hawezi kuwa adui wa jambo lenyewe. Kosa lilikuwa letu la kudhani kijiji kimoja kinaweza kuziba njia ambayo ina vijiji kumi. Basi tukaanza kutembea. Mimi, mwalimu, na baba mkubwa mwenyewe, maana yeye ndiye alikuwa tayari kusema mbele za watu kwa nini aliuza usiku. Alisikilizwa kuliko mimi. Vijiji viwili jirani vikakubali kuweka mizani.

Huku nyuma dada zangu wawili walishuka Njombe mjini kuongea na wakaanga chipsi. Nilitegemea watasema bei itapanda. Mmoja akasema lumbesa humtesa yeye pia: juu ya gunia viazi ni vikubwa, akifika katikati anakuta vidogo kama karanga na vilivyokatwa na jembe. Akiuziwa kwa kilo atachagua na atajua anachokilipia. Akatuunganisha na mama mmoja wa Makambako anayesambaza viazi kwenye hoteli. Yule mama ndiye mnunuzi wetu wa kwanza wa haki. Alichukua magunia 30, kilo 100 kila moja, kwa 45,000 kila gunia.

Wapo waliosema tumepata hasara, 55,000 imekuwa 45,000. Nikafungua daftari tena. Ile 55,000 ilikuwa ya kilo 138, yaani kama shilingi 398 kwa kilo. Sasa ni 450. Kilo zile zile 138 zingenipa 62,100. Kwa kila lumbesa niliyoacha kufunga nimebakiza zaidi ya 7,000, na vijana wanaopakia wanabeba mzigo ambao mgongo unauweza. Kijana mmoja wa kwetu alikwenda Dar kubeba viazi sokoni, akarudi baada ya miaka miwili akitembea ameinama. Hakuna mtu aliyewahi kumwandikia kilo zake.

Halafu likaja swali ambalo sikulitarajia. Mkutano wa pili, wote tukiwa na furaha, akasimama mama mmoja anayetuchimbia viazi kwa kibarua. Hana shamba, anaishi kwa jembe lake. Akasema, "Nawapongeza. Sasa na sisi tunaochimba, gunia letu lina debe ngapi?"

Hakuna aliyejibu haraka. Tulikuwa tukimlipa 2,000 kwa gunia, na gunia lenyewe ni lile lile la lumbesa, debe nane. Mimi binafsi nilimlipa hivyo misimu minne, tena nikihimiza, "jaza, mama, jaza." Sikuwahi kuliona. Yule mama aliniangalia bila hasira, na hilo ndilo lililoniumiza zaidi.

Tulibishana mpaka giza. Mwisho tukakubaliana kulipa kwa debe, shilingi 350 kila moja, debe likijazwa usawa wa mdomo. Wenye mashamba makubwa wamenuna, na wawili bado wanalipa kwa gunia. Tunaendelea kuongea nao.

Msimu huu, siku ya kwanza ya kuvuna, mama yule alifika kwangu na kijiti mkononi. Kila debe lililojaa alipitisha kijiti juu ya mdomo, vilivyozidi vikadondoka chini, akachora mstari mmoja kwa mkaa kwenye ukuta wa banda. Jioni tukaihesabu pamoja, mistari 26. Nikampa 9,100, akazihesabu, akafunga kwenye pindo la khanga.

Mistari ile sijaifuta. Jumatano ijayo mizani inakwenda kuhakikiwa tena, stika inaisha, na vijiji viwili vingine vimeomba waje waone inavyofanya kazi. Baba mkubwa ndiye atakayewapokea.