Tone moja la maji ya bahari

Jana nimechungulia tone la maji ya bahari kwenye hadubini, na hadi sasa sijatulia. Jamani, mle ndani kumejaa! Daiatomu (mwani wa seli moja wenye ganda kama kioo) za kila umbo, nyingine zimeungana kama mkufu wa vioo, na kopepodi mmoja, kiumbe kidogo cha jamii ya kamba, anakatiza katikati kwa mishtuko.

Planktoni za kimea, yaani vimea vidogo vinavyoelea majini kama hizo daiatomu, hufanya karibu nusu ya usanisinuru (kutengeneza chakula kwa mwanga wa jua) wote duniani. Hufyonza kaboni dioksidi, na sehemu ya kaboni hiyo huzama nazo kilindini zikifa. Sasa bahari imemeza takribani asilimia 90 ya joto la ziada tulilosababisha. Maji ya juu yakipata joto huwa mepesi, hayachanganyiki vizuri na ya chini yenye baridi, kwa hiyo virutubisho vinakwama huko chini. Planktoni zikikosa chakula, hasa bahari za tropiki, kaboni inayozamishwa nayo hupungua. Hapo ndipo nilipochoka kabisa.

Satelaiti ya PACE ya NASA, iliyorushwa Februari 2024, hufuatilia planktoni hizi kwa rangi ya maji tu. Wivu nilionao kwa wanaochambua picha zake, acheni tu.