Kiputo cha galaksi moja: maendeleo ya wiki ya tatu

Jumamosi, saa tano usiku. Hatimaye kiputo kimekaa sawa!

Kwa mgeni: naandika programu ndogo ya Python inayokokotoa jinsi galaksi changa ilivyosafisha gesi iliyoizunguka. Miaka 380,000 hivi baada ya Mlipuko Mkuu, elektroni na protoni zilishikana zikawa haidrojeni isiyo na chaji. Baadaye nyota zikawaka, na miale yake ya urujuanimno, ile ya mawimbi mafupi kuliko nanomita 91, ikaanza kuzing'oa elektroni upya. Kila galaksi ikajitandia kiputo, yaani eneo la gesi iliyong'olewa elektroni, ambalo miale hiyo hupita bila kufyonzwa.

Wiki nzima kiputo changu kilinitokea kikubwa ajabu, nusukipenyo miaka ya nuru milioni 7.7. Nikapekua mstari kwa mstari. Kumbe msongamano wa gesi nilioweka ni wa leo: atomu moja ya haidrojeni katika kila mita 5 hivi za ujazo. Galaksi yangu ni ya miaka milioni 900 hivi baada ya Mlipuko Mkuu, enzi ambapo galaksi zilikaribiana mara saba zaidi ya sasa. Saba mara saba mara saba, 343. Mita moja ya ujazo ilibeba atomu 65 hivi! Nikarekebisha, nusukipenyo kikashuka hadi milioni 1.1. Nilifurahi mno.

Katika hesabu hiyo galaksi inatoa fotoni (chembe za mwanga) 10^54 kwa sekunde kwa miaka milioni 100, na moja tu katika kila kumi inatoroka. Hiyo moja ya kumi ndiyo inayoninyima usingizi. Fotoni nyingi humezwa na gesi ya galaksi yenyewe, na zinazoponyoka haziwezi kutufikia tukazihesabu, maana haidrojeni ya njiani huzifyonza.

Sasa linganisha. Kundi la mwanaastronomia Simon Lilly lilielekeza darubini ya James Webb upande wa kwasari J0100+2802 (kiini cha galaksi ya mbali king'aacho mno), likakuta galaksi 117, zimezungukwa na maeneo safi yenye nusukipenyo cha miaka ya nuru milioni 2 hivi. Kufika huko galaksi yangu ingehitaji mwanga mara sita. Sidhani kama ilikuwa na nguvu hiyo. Naamini ilisaidiwa na majirani wadogo, viputo vikaungana.

Kesho naweka galaksi sita karibu karibu. Kazi ngumu ni kuzuia programu isihesabu mara mbili pale viputo vinapopishana.