Siku za Mchoro na Siku za Mtambo

Ilazo, Dodoma. Jumapili jioni.

Upepo wa Septemba umepiga madirisha tangu asubuhi, na vumbi la Dodoma, ambalo halizuiliki kwa mlango uliofungwa, limetanda juu ya meza ninayofanyia kazi. Nimeifuta mara mbili kabla ya kufungua kompyuta. Mbele yangu ipo fomu iliyoletwa na idara ya rasilimali watu ya kampuni yetu, ikituomba wahandisi tueleze uzoefu wetu baada ya mwaka mmoja wa kufanya kazi kwa utaratibu wa mseto, yaani siku tatu kiwandani Nala na siku mbili, Jumanne na Alhamisi, nyumbani. Swali la kwanza linanitaka nichague kati ya "umeongeza ufanisi" na "umepunguza ufanisi". Nimelitazama swali hilo siku tatu bila kulijibu, kwa sababu jibu langu la kweli halimo katika lolote kati ya hayo mawili, na ndiyo maana nimeamua kuliandika hapa kwanza.

Nianze na nilichokipata, maana ni kingi na sitaki kukidharau. Kazi yangu ni umeme wa viwandani: michoro ya paneli, yaani makabati ya swichi na nyaya zinazoendesha mashine, hesabu za nyaya na za kinga za mota, pamoja na programu zinazoendesha mikanda ya kusafirishia mizigo hadi kwenye mashine za kufungasha. Hesabu za namna hiyo zinataka akili isiyokatizwa, na ofisi yetu kiwandani imetenganishwa na chumba cha kompresa kwa ukuta mmoja tu. Kazi ya hesabu iliyokuwa ikinichukua siku mbili za kusimama na kuanza upya, hapa nyumbani naimaliza kabla ya adhana ya adhuhuri. Zaidi ya hapo, mama yangu aliletwa kwangu kutoka Kondoa kwa ajili ya presha, na kila mwezi anahitaji mtu wa kumpeleka kliniki. Kabla ya utaratibu huu nilikuwa naomba ruhusa kwa sauti ya mtu anayeomba msamaha. Sasa nampeleka Alhamisi mapema, narudi, nakaa mezani, na saa nilizozitumia nazilipa jioni bila mtu yeyote kuninung'unikia.

Majirani walichukua muda kuelewa. Mama mwenye duka mtaani kwetu aliniuliza kwa upole kama nimepunguzwa kazini, na mama yangu mwenyewe aliona kwamba binti aliyeko nyumbani anaweza kutumwa sokoni Majengo wakati wowote. Hayo yalikwisha kwa maneno mawili matatu. Lililobaki ni gumu zaidi, na linahusu kazi yenyewe.

Utaratibu huu haukuzaliwa kwetu. Mwezi Machi 2020, shule na vyuo vilipofungwa kwa sababu ya UVIKO-19, Tanzania haikuwafungia watu ndani na viwanda viliendelea kunguruma, hivyo wengi wetu hatukuipitia ile miezi ambayo wahandisi wa Ulaya walilazimika kujifunza kazi ya mbali. Julai mwaka huo kampuni ya Siemens ya Ujerumani, ambayo imeishi kwa mitambo na umeme wa viwandani tangu karne ya 19, ilitangaza kwamba wafanyakazi wake wapatao 140,000 katika nchi 43 wangeweza kufanya kazi nje ya ofisi siku mbili au tatu kwa wiki, pale ambapo kazi inaruhusu. Uzito wa tangazo lile naona umo katika maneno hayo ya mwisho, na ndiyo hasa yaliyodondoka njiani hadi utaratibu ulipotufikia sisi ukiwa umeshakuwa Jumanne na Alhamisi.

Mkuu wetu wa idara alipotusomea sababu za mpango huu, alitutajia utafiti uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Nature, uliofanywa kwa wafanyakazi 1,612 wa kampuni ya Trip.com nchini China, ambao ulionyesha kwamba siku mbili za nyumbani kwa wiki zilipunguza kwa theluthi moja idadi ya watu walioacha kazi, bila kushusha tathmini za utendaji wao. Nauamini utafiti huo, na mimi mwenyewe huenda ningekuwa nimeshaondoka kama si siku hizi mbili. Lakini wahandisi waliokuwa miongoni mwa wale 1,612 walikuwa wa programu za kompyuta, na mtambo wa mtu wa namna hiyo huingia wote ndani ya mkoba wake. Mtambo wangu una grisi na joto, una harufu ya waya unaoanza kuungua, na hauondoki Nala.

Jumanne moja ya mwezi Mei ilinifundisha jambo ambalo sijaacha kulifikiria. Nilikuwa nimechora mabadiliko ya paneli ya mkanda namba mbili, ili tufunge kihisio cha kugundua mkanda unapoanza kuteleza. Mchoro ulikuwa safi, hesabu zilikuwa sawa, nikautuma kwa barua pepe saa tatu asubuhi. Saa nne na nusu simu ikaita. Alikuwa fundi sanifu wetu wa zamu ya asubuhi, mtu mzima aliyeanza kazi ya umeme kabla mimi sijaanza shule.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba, Injinia. Mchoro wako unasema waya mpya nifunge namba 17. Hapa namba 17 ina waya tayari."

Namba hizo ni za sehemu za kufungia nyaya ndani ya paneli, na kwenye kompyuta yangu namba 17 ilikuwa tupu. Akanitumia picha kwa WhatsApp, lakini taa ya paneli ilikuwa inarudisha mwanga, na mimi nikaisoma 17 kama 11, nikamwambia aendelee. Akanyamaza kidogo. Kisha akasema maneno ninayoyakumbuka kama yalivyo: "Mwanangu, kufuli yangu iko kwenye swichi na ufunguo uko mfukoni mwangu. Siuondoi mpaka uje uone mwenyewe."

Kwa msomaji ambaye hajafanya kazi kiwandani, naomba nieleze. Fundi anapoingiza mikono ndani ya mtambo, huzima swichi kuu, akaifunga kwa kufuli yake binafsi na kutundika kibao chenye jina lake, na hakuna mwingine anayeruhusiwa kuifungua, hata meneja. Kufuli ile ndiyo uhai wake. Basi nilichukua bodaboda hadi barabara ya Singida, nikafika kiwandani saa sita kasoro, nikavaa viatu vya usalama na kofia ngumu, nikainamia paneli pamoja naye. Miezi miwili nyuma, katika zamu ya usiku, kontakta moja, yaani swichi ya sumaku inayowasha na kuzima mota, iliungua. Fundi wa usiku aliweka nyingine iliyokuwapo stoo, akahamishia waya mmoja kwenye namba 17, na akaandika mabadiliko hayo kwa kalamu nyekundu kwenye nakala ya mchoro inayotunzwa karakana. Alifanya kila kitu alichopaswa kufanya. Waya ule ulikuwa wa kamba ya dharura, ile ambayo mtu yeyote aliye kando ya mkanda anaweza kuivuta ukasimama. Kama tungefunga waya mpya pale kwa maelekezo yangu, mkanda ungezunguka vizuri kabisa, na kamba ingevutwa bila kusimamisha chochote.

Hakuna aliyeumia, na zamu ilipoteza saa chache tu. Nilirudi nyumbani jioni ile nikiwa nimenyamaza, na mume wangu, aliyekuwa amerejea kutoka ofisini kwake Mtumba, aliniuliza mara mbili kama naumwa.

Tangu hapo nimekuwa nikichunguza jinsi wiki zetu zinavyokwenda, na ninachokiona ni kwamba wepesi wangu una mtu anayeubeba. Kila Jumanne, swali ambalo ningelijibu kwa kutembea hatua arobaini linamwangukia fundi aliyesimama mbele ya mtambo, simu ikiwa katika mkono mmoja na tochi katika mkono mwingine. Linamwangukia pia mhandisi mhitimu aliyewekwa chini yangu, kijana anayejenga uzoefu utakaomfikisha kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi kuwa mhandisi mtaalamu. Yeye hajifunzi kwa kusoma barua pepe zangu. Mimi nilijifunza kwa kusimama nyuma ya bega la mtu aliyejua, nikimwona anaweka kiganja kwenye mwili wa mota kabla hajachukua kipimo chochote, na nadhani nina deni la bega hilo kwa huyu kijana.

Hata hivyo, sitaki kurudi siku tano. Walioandika kwenye kundi letu kwamba dawa ni kuufuta mpango wamekosea, na wanasahau michoro tuliyokuwa tukiitoa nusunusu kwa sababu ya kelele. Neno mseto tunalo jikoni siku nyingi, na mpishi wa mseto anajua kwamba choroko hutangulia motoni, mchele ukafuata baadaye, kwa kuwa haviivi kwa mwendo mmoja. Kosa letu ni kuvitia vyote kwa wakati mmoja. Kazi ya mhandisi ina majira yake. Mradi unapoanza, ninapaswa kuwa kiwandani wiki nzima, nizunguke na nakala ya kalamu nyekundu mkononi na kukagua kila waya. Zikija wiki za kuchora na kukokotoa, siku nne za nyumbani si nyingi. Wakati wa kufunga na kuwasha kwa majaribio, nisiwe na siku hata moja ya nyumbani, na kibali cha kazi, yaani karatasi inayowaruhusu mafundi kuanza kuugusa mtambo, nikisaini nikiwa nimesimama pale pale. Siku zihesabiwe kwa mwezi, zifuate hatua ya mradi. Jumla yake haitazidi ile tuliyopewa sasa, ila kila siku itakuwa mahali pake.

Treni imenithibitishia kwamba hilo linawezekana. Vikao vya kupitia michoro hufanyika makao makuu, Dar es Salaam, na zamani basi lilikula siku nzima kwenda na siku nzima kurudi. Tangu treni ya umeme ilipoanza kufika Dodoma mwezi Julai 2024, safari ni ya saa tatu hadi nne, na mara nyingi nimemaliza kusahihisha mchoro kabla ya Morogoro. Hakuna aliyeniwekea siku maalumu ya treni, kwa kuwa huipanda kazi inaponihitaji.

Lipo pia suala la saa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki, na inataka mfanyakazi apumzike saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuianza tena. Ninaporudi kutoka Nala kwa basi la wafanyakazi, kazi inabaki nyuma ya geti. Lakini siku za nyumbani simu huita hadi saa nne usiku, na nimeshajikuta nikifungua mchoro mtoto akiwa amelala mapajani. Kampuni imenipa kompyuta, lakini bando la intaneti nanunua mwenyewe. Haya nimeyaandika kwenye fomu bila kuyapunguza makali.

Ijumaa, kabla ya kuondoka, nilimpelekea Mzee karakana rasimu ya mapendekezo yangu, kwa kuwa sikutaka kuandika juu ya kazi yake bila yeye kuisikia. Akavaa miwani, akasoma taratibu hadi mwisho, akasema ni sawa. Kisha akafungua droo na kunionyesha madaftari yake ya matengenezo, mengine yakiwa na kurasa ambazo hazijajazwa. Akaniambia kwamba kumbukumbu hizo huziandika baada ya zamu, akiwa amechoka, juu ya benchi la kazi, mashine ya kukata vyuma ikilia pembeni, na kwamba ile kalamu nyekundu ya mwezi Machi haikunifikia kwa sababu hakuna mtu wa zamu aliyewahi kupewa saa ya kukaa mahali pa utulivu na kunakili mabadiliko yafike ofisini.

"Mnapogawana siku za makaratasi, Injinia, na sisi mtukumbuke. Hata nusu siku kwa wiki mbili."

Mwishoni mwa fomu kuna sehemu ya "Maoni mengine", mistari mitatu. Nimeandika ombi lake humo, kwa maneno yake, na nafasi ilipokwisha nikaendelea kwenye karatasi ya pili. Fomu inafungwa Jumatano saa kumi jioni. Nitaipeleka kesho kwa mkono.