Nyasi zimebaki mbele ya baraza tu

Jumapili, usiku

Leo tumefunika kipande kingine cha nyasi ili tukigeuze bustani, kile cha upande wa lango. Sasa pasipalamu, yaani nyasi zetu za uwanjani, iliyobaki ni ya mbele ya baraza tu, pale watoto wanapochezea mpira. Nimekaa na chai ya mchaichai tuliouchuma wenyewe, kucha zimejaa udongo mwekundu wa hapa Jinja, Uganda, na nataka kuandika kabla sijasahau.

Nyumba hii tuliihamia ikiwa na nyasi kutoka ukuta hadi ukuta. Wapita njia walizisifu, nami nilifurahi. Lakini zilikula pesa na maji. Wakati wa masika, kijana wa kufyeka kwa slasha kila wiki mbili. Kiangazi cha Desemba hadi Februari, mpira wa maji kila jioni na bili mwisho wa mwezi. Mvua zikirudi, mbolea ya yuria ili kijani kikolee. Hiyo yuria ndiyo iliyonikosesha raha. Mtaro wetu unateremkia ziwani. Gugu maji limelisumbua Ziwa Victoria tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, na linanenepa kwa mbolea na uchafu unaosombwa kutoka nchi kavu. Siku moja niliwatazama wavuvi wakihangaika kupenyeza mtumbwi katikati ya gugu hilo, nikakumbuka mfuko wa yuria uliokuwa stoo kwangu. Sikununua mwingine.

Mume wangu, Baba Amina, alikubali kwa sharti kwamba watoto wasinyimwe pa kuchezea. Aliyekataa ni Mama, kwa simu kutoka Arua. Kwetu uwanja wa nyumba hufagiliwa ukabaki udongo mtupu, nyoka aonekane kabla hajafika mlangoni. "Unataka kulala na msitu dirishani?" aliniuliza. Sikumbishia, kwa sababu hofu yake ina msingi. Ndiyo maana tumeacha njia pana iliyo wazi kuizunguka nyumba yote, na mimea mirefu tumeipeleka ukutani.

Jirani mmoja alinishauri nipige dawa ya kuua magugu, siku chache kazi imekwisha. Lakini kuku wanadonoa hapo hapo, na Yasin bado anatia kila kitu mdomoni. Tukachukua njia ndefu. Tulifyeka hadi chini kabisa, tukatandaza maboksi tuliyoyaomba dukani, tukayalowesha, tukamwaga juu yake maganda ya kahawa, majani makavu ya migomba na samadi ya kuku iliyokwisha kuoza. Mara ya kwanza tuliyaacha maboksi yagusane tu, na baada ya wiki tatu pasipalamu ilikuwa imechungulia kwenye kila mwanya. Siku hizi tunayalaza yalaliane kwa upana wa viganja viwili. Miezi mitatu baadaye nilichimba pale pa kwanza, mahali palipokuwa pagumu kama sakafu, jembe likazama lenyewe. Nyungunyungu walikuwemo, wanene. Nilimwita Amina aje aone, tukachuchumaa pale muda mrefu, chakula kikichelewa jikoni.

Mboga zetu za majani, nakati na dodo (mchicha), ziko karibu na jikoni, mululuza, kile kichaka cha majani machungu, ukutani, mishubiri kando ya njia. Dodo haihitaji kubembelezwa, inajiotea. Nakati ndiyo inayotaka unyevu, na matandazo yanaushika vizuri kuliko nilivyotarajia. Maji ya kuogea tumeyaelekeza kwenye shimo lililozungukwa na migomba mitatu. Hilo tunalichunga sana: maji yakituama, mbu watazaliana, na hapa kwetu mbu ni malaria. Kwa hiyo tumelijaza matawi na majani, na kila asubuhi naangalia kama maji yamezama.

Kitu ambacho sikukitegemea kabisa ni sauti. Ndege aina ya chozi wanakuja asubuhi kwenye maua ya mishubiri, wakigombana kwa vijisauti vyembamba. Mululuza ulipochanua, nyuki walivuma hadi nikawasikia nikiwa jikoni. Miaka yote ile ya nyasi, dirisha hilo nililifungua ili moshi utoke, basi.

Mama amefika Alhamisi. Aliizunguka nyumba na fimbo, kimya, akigusagusa vichaka vya ukutani kimoja kimoja. Mimi nilimfuata nyuma kama nilivyokuwa nikimfuata utotoni. Hakusema kitu siku hiyo, wala iliyofuata. Jana jioni, akichambua nakati, akaniuliza mbona sijapanda kunde. Na leo tulipokuwa tukilowesha maboksi alikwenda chumbani akarudi na fundo la kitenge. Ndani yake mbegu za kunde, alizozileta kutoka Arua tangu siku ile ya kwanza.

Kipande cha langoni tumempa yeye. Mbegu ziko kwenye kopo, zinasubiri maboksi yaoze.

"Lakini njia ya mlangoni utaifagia, mwanangu. Kila siku."

"Ndiyo, Mama."