Kabla ya kununua getiwei ya simu za ofisi

Getiwei ni kifaa kinachounganisha mfumo wa simu za ofisi na laini za kampuni ya simu. Hesabu kwanza simu zinazoongewa kwa wakati mmoja, si idadi ya wafanyakazi. Ofisi ya watu ishirini pale Upper Hill, Nairobi, mara nyingi hutosheka na laini nne. Kituo cha huduma kwa wateja ni habari nyingine: humo karibu kila kiti kinataka laini yake.

Kama laini ni za waya wa shaba, unataka matundu ya FXO, yaani ya kupokea laini kutoka kampuni ya simu. FXS ni ya kuchomeka simu ya mezani, nayo hutoa umeme wake, volti 48 hivi. Ukiichomeka laini ya kampuni ya simu, tundu laweza kuungua. Ukinunua Luthuli Avenue, mtaa wa maduka ya elektroniki, soma maandishi yaliyo kwenye kifaa chenyewe, usiamini kasha.

Kero kubwa ni laini isiyokatika. Mteja amekata simu lakini getiwei haijui, basi laini inabaki imeshikwa na wengine wanakuta inatumika. Fundi arekodi mlio wa kukatika, kisha aingize masafa yake, pamoja na muda wa mlio na wa kimya kwa milisekunde, kwenye mipangilio. Mwangwi nao mara nyingi hutokana na ukinzani (impedance) wa getiwei usiolingana na wa laini. Anza na omu 600.

Pasipo shaba, chukua getiwei ya GSM, inayotumia mtandao wa simu za mkononi, kadi moja ya simu kwa kila mazungumzo, antena zikiwa nje ya kabati la chuma. E1, laini ya kidijitali ya kampuni ya simu, hubeba mazungumzo 30.

Kabla ya mvua za Aprili, funga kinga ya radi kwenye kila jozi ya waya na uiunganishe ardhini. Kinga ya soketi ya umeme pekee hailindi waya wa simu.