Siku Baba Alipopiga Magoti Ndani ya Victory

Jana mafundi walikuwa wakipaka lami paa la jirani, nami nikasimama dirishani mpaka chai ikapoa, kwa kuwa harufu ile hunirudisha Portsmouth, Uingereza, siku niliyompeleka Baba kuiona Victory, meli ya kale ya vita, katika chelezo ilimokaa tangu mwaka 1922.

Sitaha za juu tulizipita upesi. Mizinga, kamba, bamba linaloonyesha alipoangukia Nelson, amiri wa Waingereza, kwa risasi tarehe 21 Oktoba 1805 katika vita vya Trafalgar, vyote hivyo Baba alivitazama kwa adabu ya mgeni. Tulipofika chini, kwenye giza na dari fupi, mahali Nelson alipokatia roho, watu walinyamaza kwa heshima. Baba akapiga magoti. Aliweka kiganja juu ya taruma la mwaloni, ubavu wa meli, akalipapasa polepole kwenda chini, kisha akapitisha ukucha wa kidole gumba kwenye maungio ya mbao akitafuta kalafati, ile pamba ya kuziba nafasi, kama nilivyomwona mara nyingi Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi kule Lamu, kabla jahazi halijapakwa sifa, yale mafuta ya papa, na kushushwa. Watu wakageuka kututazama. Mimi nikaona haya, nikasogea kando.

“Mwanangu, muulize huyu bwana, mbao hizi ziliachwa zikauke muda gani?”

Niliuliza kwa sauti ya chini. Mzee aliyekuwa akiongoza wageni alifurahi kuliko nilivyotarajia. Alieleza kuwa mkuku, mti wa msingi wa meli, ulilazwa Chatham mwaka 1759, wakati wa Vita vya Miaka Saba, na kwamba kwa kawaida mataruma yaliachwa miezi michache tu kabla ya kupigwa mbao. Lakini vita vilikwisha mwaka 1763, haraka ikaondoka, na kiunzi kile kikasimama kikikauka karibu miaka mitatu. Meli ilishushwa majini tarehe 7 Mei 1765.

Nilipomfasiria, Baba alinyamaza kidogo. “Basi ni amani iliyoikausha,” akasema, mkono ungali juu ya mti.

Tangu mwaka 2022 mafundi wa pale wanang’oa mbao zilizooza na kutia mwaloni mpya, na kila nionapo picha zao naikumbuka ile hatua niliyosogea kando. Huenda Baba hakuiona.

Ndani ya treni alinusa vidole vyake kwa muda mrefu.

“Hawa hupaka lami, mwanangu,” akasema. “Si sifa.”